Sufuria moja kwa mtoto mchanga, kijana na mzee mwenye shinikizo la damu: mnapikaje?

MpishiWaJioni

Habari zenu ndugu. Nyumbani kwangu tunakaa mezani watu sita, na kila mmoja ana mahitaji yake. Baba mkwe ana shinikizo la damu na daktari amemwagiza apunguze chumvi. Mwanangu mkubwa yumo katika umri wa kubalehe, hivyo hashibi upesi. Wa kati, mwenye miaka minne, hutenga pembeni kila kipande cha mboga anachokiona, na wa mwisho ana miezi tisa, ndiyo kwanza anazoea kula. Mume wangu naye haoni ladha ya chakula kisicho na pilipili. Kwa sababu hiyo kila jioni najikuta na sufuria tatu jikoni, na tunapokaa kula mimi nimeshachoka kiasi cha kutotamani chakula nilichokipika.

Je, inawezekana kupika chakula kimoja chenye lishe, wote wakakifurahia, bila kumnyima mmoja ladha wala kumhatarisha mwingine? Mapishi ninayo ya kutosha. Ninachokitafuta ni utaratibu wa kufuata ninapowasha jiko.

ShangaziWaJikoni

Dada, inawezekana kabisa, na siri yake iko katika mpangilio wa kutia viungo zaidi kuliko viungo vyenyewe. Wengi wetu tumezoea kutia chumvi na pilipili mapema, na tukishazitia hatuwezi tena kuzitoa. Hapo ndipo sufuria ya pili inapozaliwa. Pika kwanza msingi ambao kila mtu anaweza kuula, yaani vitunguu vilivyokaangwa polepole mpaka vikawa laini na vyenye rangi ya dhahabu, kitunguu saumu, tangawizi kidogo, nyanya zilizopikwa mpaka zikaiva na mafuta yakaanza kujitenga, kisha nyama, kuku au dengu, na mwishoni mboga. Hadi hapo usitie chembe ya chumvi wala pilipili.

Msingi ukiiva, teka kwanza sehemu ya mtoto wa miezi tisa, uiponde kwa uma na kuacha vipande vidogo laini anavyoweza kuvitafuna kwa fizi, kwa maana katika umri huo anahitaji kujifunza kutafuna na si kunywa uji laini tu. Tia chumvi kidogo katika sufuria, kiasi anachokiweza baba mkwe, na hiyo ndiyo iwe chumvi ya wote. Pilipili usiitie kabisa: ikaange pembeni katika mafuta kidogo, kwa kuwa ukali wake huyeyuka katika mafuta na si katika maji, kisha iweke mezani katika bakuli dogo. Mume wako atajitilia apendavyo, na mafuta hayo machache yataeneza ukali katika sahani yake yote.

Kwa huyo mdogo kuna mambo mawili yasiyo na mjadala. Asipewe asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hata ikiwa imepikwa ndani ya chakula, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha ugonjwa wa botulizimu. Vilevile njugu nzima na vitu vya mviringo kama zabibu nzima vinaweza kumkaba. Zabibu zikatwe kwa urefu, nazo njugu zisagwe.

AfisaLishe_Mstaafu

Naunga mkono utaratibu huo, ila ningependa kukaa kidogo kwenye chumvi, kwa sababu ndiyo inayoamua kama familia itakifurahia chakula cha baba mkwe au itakivumilia tu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni takriban kijiko kimoja cha chai, na watoto wanahitaji pungufu ya hapo. Kiasi hicho kinahesabu chumvi yote, pamoja na iliyomo katika mkate, vidonge vya supu, mchuzi wa soya na nyama za kusindikwa. Mpishi anaweza kujinyima mkono kwenye kopo la chumvi, kisha akatia kidonge kimoja cha supu na kurudisha yote aliyoyapunguza. Mimi ningeanza kwa kuviondoa vidonge hivyo jikoni.

Ladha itatoka wapi basi? Kwanza katika kukausha na kukaanga vizuri. Futa maji juu ya nyama, pasha kikaangio kiwe moto hasa, weka vipande vichache kwa wakati mmoja, na uviache bila kuvigeuzageuza mpaka vishike rangi ya kahawia. Rangi hiyo hutokana na protini na sukari kukutana katika joto kali, jambo alilolieleza Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, na ndiyo inayoleta harufu inayowaita watu mezani. Ukijaza kikaangio, nyama hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Yale yaliyoganda chini usiyaoshe. Mimina maji kidogo, yakwangue kwa mwiko, na uyarudishe katika mchuzi, maana utamu mwingi umebaki humo. Pili, nyanya zilizoiva na uyoga uliokaushwa vina glutamati kwa asili, dutu ambayo mwanakemia Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 kuwa chanzo cha ladha nzito ya mchuzi. Tatu, limau au siki. Ukionja ukahisi chakula kimepooza, kamulia limau kwanza kabla ya kuongeza chumvi, na ukamulie sufuria ikiwa imeshaepuliwa ili harufu yake isipotee.

Punguza kidogokidogo kwa wiki kadhaa, kwa kuwa ulimi huzoea. Jambo moja la hadhari: zipo chumvi mbadala ambazo sodiamu yake imepunguzwa kwa kutiwa potasiamu. Kwa wengi zinasaidia, lakini mtu mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu anaweza kudhurika, kwa hiyo baba mkwe asianze kuzitumia kabla ya kumwuliza daktari wake.

BabaWaPacha

Kuhusu huyo wa miaka minne, mimi husaga karoti na boga ndani ya mchuzi wa nyanya. Watoto hula na kuomba nyongeza bila kujua walichokula.

AfisaLishe_Mstaafu

Ndugu BabaWaPacha, kusaga si kosa, na mchuzi huo una faida ya ziada, kwa sababu rangi ya chungwa ya karoti na boga, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri zaidi ikipikwa pamoja na mafuta kidogo. Tatizo langu liko kwenye kuficha. Mtoto aliyefichwa karoti hajajifunza kula karoti, na siku akiigundua huanza kuutilia shaka hata mchuzi aliokuwa akiupenda.

Kukataa chakula kigeni ni jambo la kawaida kati ya miaka miwili na sita. Mara nyingi mtoto huhitaji kukutana na chakula kilekile mara kumi au zaidi kabla ya kukikubali, na wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara tatu au nne. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, alipendekeza mgawanyo wa majukumu ambao naona unaleta amani mezani: mzazi aamue kinachopikwa, wakati na mahali pa kula, mtoto aamue kama atakula na kiasi gani. Weka kipande kidogo cha mboga katika sahani yake, kando ya chakula anachokijua na kukipenda, kisha usimlazimishe wala kumsifu kupita kiasi, na usimwahidi peremende akimaliza, maana ahadi hiyo humfundisha kwamba mboga ni adhabu na peremende ni thawabu. Mtie kazi jikoni: achambue majani, aoshe nyanya, akoroge bakuli. Mboga nazo zisipikwe mpaka zikarojeka. Watoto wengi wanaokataa mboga laini zenye maji hukubali zilezile zikipikwa kwa mvuke na kubaki na ugumu kidogo, na kwa njia hiyo vitamini C nyingi zaidi hubaki ndani badala ya kumwagwa na maji.

MpishiWaJioni

Asanteni sana, nimepata utaratibu niliokuwa nikiutafuta. Nina swali la mwisho. Huyu kijana asiyeshiba namfikiria maharage, lakini yanachukua muda na jioni sina muda huo. Je, naweza kuyapika mengi siku ya mapumziko, tena katika sufuria ya umeme ya moto mdogo?

ShangaziWaJikoni

Maharage yatamfaa sana, kwa kuwa yana protini na nyuzinyuzi zinazomfanya mtu akae na shibe. Ila usiyaanzie katika moto mdogo, hasa yale mekundu. Yakiwa mabichi yana lektini, sumu inayoleta kutapika na kuharisha, na joto dogo haliiondoi. Yaloweke usiku kucha, umwage maji ya kulowekea, utie maji mapya na uyachemshe kwa nguvu kwa angalau dakika 10. Baada ya hapo unaweza kuyahamishia katika sufuria ya umeme yakalainike taratibu. Nyanya na limau zingoje mpaka yameiva, kwani asidi huyachelewesha kulainika. Magadi huyaharakisha, lakini huharibu vitamini B1, kwa hiyo mimi situmii. Ukiyapakua, tia nyanya au limau hapo, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo, na chai isubiri saa moja hivi baada ya mlo, maana hufanya kinyume chake.

Ya akiba yagawe katika vyombo vidogo vya kina kifupi ili yapoe haraka, na yaingie katika jokofu ndani ya saa mbili tangu kuepuliwa. Wali ndio wa kuangaliwa zaidi kuliko vyote, kwa kuwa baadhi ya bakteria zake hustahimili kuchemshwa na huzaliana wali ukiachwa mezani; uuweke katika baridi upesi, na uule ndani ya siku moja. Maharage yanaweza kukaa siku tatu katika jokofu, au miezi kadhaa yakigandishwa. Unapopasha, pasha sehemu utakayoila tu, mpaka itoe moshi hata katikati.