Blanketi la mawimbi la kroshia linazidi kuwa jembamba kila ninapoongeza mistari

Mfumaji wa Njombe

Habari zenu, ndugu wafumaji. Ninafuma blanketi la mawimbi la kitanda cha mtoto, na ningependa likamilike kabla ya baridi ya Juni, ambayo huku kwetu haina mzaha. Nimezoea vitambaa vya makochi na vya meza, vile vinavyoanzia katikati na kupanuka kwa duara, kwa hiyo sindano ya kroshia si ngeni mkononi mwangu. Ninatumia uzi wa akriliki wa unene wa kati na sindano ya milimita 4, na mishono yote ni mirefu, ile ya kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuingia tunduni. Kila wimbi lina mishono 14: ninaongeza kileleni, ninashuka mishono minne, ninaunganisha bondeni, kisha ninapanda mishono minne mingine.

Mistari ya mwanzo ilikaa vizuri, lakini sasa kingo zote mbili zinaingia ndani, na mawimbi ya pembeni yamebaki nusu, hayana vilele. Isitoshe, cheni ya kuanzia, yaani ule mlolongo wa vitanzi unaobeba mstari wa kwanza, imekaza kiasi kwamba ukingo wa chini umejikusanya kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Je, kosa liko wapi, na je, kazi hii inaweza kuokolewa bila kufumua yote?

Bibi Nyuzi

Mwanangu, mpangilio wako wa katikati ni sahihi. Kinachokusumbua ni pembeni. Wimbi husimama kwa sababu kinachoongezwa kileleni ni sawa na kinachopunguzwa bondeni. Hesabu wimbi moja uone: mishono miwili katika tundu moja, minne ya kawaida, miwili inayounganishwa kuwa mmoja, mingine miwili inayounganishwa kuwa mmoja, minne ya kawaida, kisha miwili tena katika tundu moja. Umetumia matundu 14 ya mstari wa chini na umepata mishono 14 mipya. Usawa huo ukivunjika popote, hata kwa mshono mmoja, mstari mzima unaanza kuhama.

Sasa tazama mwanzo wa mstari. Unapogeuza kazi na kupandisha cheni tatu, cheni hizo zinahesabiwa kuwa mshono wa kwanza, na mshono wa pili lazima uingie katika tundu lilelile cheni zilikosimama, ili kuwe na ongezeko la nusu ya kilele. Aliyezoea kufuma mistari iliyonyooka huruka tundu hilo bila kufikiri, kwa kuwa huko kuliruka ndiko sahihi. Mwisho wa mstari nako kuna mtego wake: mishono miwili ya mwisho inatakiwa kuingia juu kabisa ya zile cheni tatu za mstari uliopita, na kwa kuwa tundu hilo ni dogo na limejificha nyuma kidogo, watu wengi huliona kama fundo tu na kuliacha. Kwa kuwa kazi inageuzwa kila mstari, kosa la mwanzo hutokea kulia mara hii na kushoto mara ijayo. Ndiyo maana kingo zako zinaingia ndani pande zote mbili.

Funga kipande cha uzi wa rangi nyingine, au pini, katika cheni ya tatu mara tu unapoipandisha, na ukirudi kwenye mstari unaofuata utajua pa kuingiza sindano. Halafu hesabu kwa wimbi, si kwa mstari: unapofika bondeni, ile mishono miwili iliyounganishwa inatakiwa kukaa juu kabisa ya ile ya mstari wa chini. Ikiwa imesogea, simama hapo hapo, kwa sababu kosa liko ndani ya wimbi hilo au lile lililolitangulia.

Kuhusu kuokoa, ningefumua yote. Kingo zingerekebishika kwa kurudi hadi mstari wa mwisho uliokuwa mzima, lakini cheni iliyokaza haitalegea hata ukilifua blanketi mara ngapi. Anza upya kwa sindano ya milimita 5 kwenye cheni peke yake, kisha rudi kwenye milimita 4. Idadi ya cheni ni 14 mara idadi ya mawimbi, jumlisha tatu, na mshono wa kwanza unaingia katika cheni ya nne kutoka kwenye sindano.

Fundi Kroshia

Ninakubaliana na Bibi kuhusu hesabu, ila katika jambo moja ninatofautiana naye. Cheni tatu za kugeuzia huacha uwazi pembeni, hasa kwa mfumaji mwenye mkono uliolegea, na uwazi huo huonekana zaidi katika blanketi lenye rangi nyingi. Mimi hupandisha cheni mbili tu zisizohesabiwa kabisa, kisha ninafuma mishono miwili kamili katika tundu la kwanza. Mwisho wa mstari ninaingia katika mshono wa kweli, na cheni ninaziacha. Mtego wa tundu lililojificha unaondoka wenyewe. Atakayefuata njia hii asichanganye na ile nyingine katika blanketi moja.

Mfumaji wa Njombe

Ninawashukuru sana, shikamoo Bibi. Nimekagua mistari na kweli tundu la mwisho nilikuwa ninaliacha. Nitafumua. Swali lililobaki ni la uzi: duka la hapa lina rangi chache na haziji kila wakati. Nitajuaje kiasi cha kununua kabla sijaanza?

Bibi Nyuzi

Marahaba. Fuma kwanza sampuli ya mawimbi mawili, yaani cheni 31, mpaka urefu wake ulingane na upana. Ilaze mezani bila kuivuta, ipime kwa rula, kisha ipime uzito kwenye mizani ya jikoni. Tuseme imetoka sentimita 20 kwa 20 na ina gramu 18. Wimbi moja ni sentimita 10, kwa hiyo blanketi la upana wa sentimita 100 litahitaji mawimbi 10, yaani cheni 143. Likiwa na urefu wa sentimita 120, eneo lake ni mara 30 ya sampuli, nalo litakula gramu 540. Nunua gramu 600, kwa sababu mikia ya kubadilishia rangi nayo hula uzi.

Nunua zote siku moja, na usome karatasi iliyozungushiwa bonge: mbali na namba ya rangi kuna namba ya mkupuo wa utiaji rangi. Mabonge mawili ya bluu ileile yenye namba tofauti za mkupuo yanaweza kufanana dukani na kutofautiana juani. Ukikosa ya kutosha, usiifiche tofauti hiyo. Fanya kila mstari au kila jozi ya mistari kuwa rangi yake. Blanketi hizi zilipopendwa sana Marekani katika miaka ya 1970, kahawia, chungwa na krimu zilipishana hivyo hivyo, na macho hufuata mawimbi kuliko rangi.

Fundi Kroshia

Ninaongezea kuhusu kubadilisha rangi, kwani wengi hungoja mpaka mstari uishe ndipo wafunge fundo. Mshono wa mwisho ukibakiza vitanzi viwili kwenye sindano, achia uzi wa zamani na uvute ule mpya katika vitanzi hivyo. Mstari unaofuata utaanza ukiwa na rangi safi tangu chini. Acha mkia wa sentimita 15 na uufiche kwa sindano butu ya kushonea, ukienda na kurudi, la sivyo utachomoka blanketi likifuliwa.

Ukitaka ukingo wa juu unyooke, jaza mabonde kwa mishono mirefu na upite juu ya vilele kwa mifupi. Kwenye ukingo wa chini mambo hugeuka, kwa kuwa chini ya kilele ndipo penye shimo. Binafsi huyaacha mawimbi yaonekane na kufunga zile pande mbili za urefu pekee. Pasi usiiweke juu ya akriliki, maana joto huilegeza na hairudi tena. Fua kwa maji ya uvuguvugu, kamua kwa taulo, na uanike blanketi likiwa limelazwa kivulini.