Mjadala: Vidonge vya madini joto vikae majumbani ng'ambo ya ziwa, au vikae ghalani?

Mwanzisha Mada
Kenya imeelekeza macho Siaya, kando ya Ziwa Viktoria, kwa ajili ya kinu chake cha kwanza cha nyuklia, baada ya wakazi wa Uyombo kule Kilifi kuukataa mradi. Kinu chenyewe bado hakijajengwa, na ndiyo maana nauliza sasa. Pima kwenye ramani: kutoka ufuko wa Rarieda hadi visiwa vya Sigulu upande wa Uganda, au Shirati wilayani Rorya upande wa Tanzania, hazifiki kilomita 100. Kwa kinu kikubwa, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linashauri miduara minne: ndani ya kilomita 3 hadi 5 watu waondolewe kabla mionzi haijatoka; ndani ya 15 hadi 30, hatua za haraka; ndani ya 100, vipimo vya ardhi na pengine kuhamisha watu; ndani ya 300, kudhibiti vyakula. Mduara wa 300 unaingiza Musoma na Kampala.
Hoja ni hii: vidonge vya madini joto (potasiamu ayodaidi) vigawiwe majumbani mapema ng'ambo ya mpaka, au vitunzwe ghalani mpaka amri itoke?

Dozi Sahihi
Majumbani. Kidonge kina kazi moja tu: kuijaza tezi ya shingo madini joto salama, ili iodini-131, yaani madini joto yenye mionzi yanayotoka kinuni, ikija ikose nafasi. Na kazi hiyo ina saa zake. Shirika la Afya Duniani linataka kimezwe ndani ya saa 24 kabla ya wingu la mionzi kufika, au mpaka saa 2 baada ya kufika. Hadi saa 8 bado kinasaidia. Zikipita saa 24 madhara yanaweza kuzidi faida, maana kidonge kinaifungia ndani iodini mbaya iliyokwisha kuingia.
Sasa piga hesabu. Upepo wa kilomita 15 kwa saa unamaliza kilomita 90 kwa saa 6. Ndani ya saa hizo umtafute mwenye ufunguo wa ghala, dereva, mafuta, halafu boti ya kisiwani. Kwenye ajali ya kinu cha Fukushima, Machi 2011, mji wa Miharu ulio kama kilomita 50 kutoka kinuni uliwagawia watu wake vidonge tarehe 15 bila kungoja agizo la mkoa. Kwingine vidonge vilikuwepo, vikabaki kwenye maboksi vikisubiri agizo. Hiyo ni Japani.

Ghala Kavu
Hesabu yako ni nzuri ila umeanzia katikati. Wingu halitoki dakika ile kinu kinapopata hitilafu. Hapo hapo Fukushima umeme ulikatika mchana wa Machi 11, na jengo la kinu namba 1 likalipuka mchana wa tarehe 12. Siku nzima. Ukipewa taarifa mapema, ghala lililo karibu linatosha. Usipopewa, hata kidonge kilicho kabatini hakikusaidii, hujui saa ya kukimeza.
Kuhusu majumbani, wengi hutaja Aachen, Ujerumani, mji ulio kama kilomita 65 kutoka vinu vya Tihange vya Ubelgiji. Ni kweli walianza kugawa Septemba 2017. Lakini hawakupita nyumba kwa nyumba: mtu aliomba kwa mtandao, akapata hati, akaenda nayo duka la dawa. Waliolengwa ni wasiozidi miaka 45, pamoja na wajawazito na wanaonyonyesha. Huku kwetu duka la dawa la karibu liko wapi kwa mtu wa Sigulu? Ukimpa mama kidonge leo, baada ya miaka mitano kimekaa chini ya bati, pakiti imepasuka kwa joto, kimeingia unyevu, au mtu amempa bibi mwenye goita akidhani ni dawa yake. Mzee mwenye goita ya vinundu ndiye hasa anayeweza kuharibikiwa, tezi ikaanza kufanya kazi kupita kiasi.
Mimi naweka kwenye zahanati na shule za msingi, kisanduku cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, kukaguliwa kila mwaka pamoja na chanjo. Watoto wako shuleni mchana, na wao ndio wenye tezi iliyo hatarini zaidi.

Msomaji Kimya
Samahani, chumvi yetu si ina madini joto tayari? Si tungekula nyingi siku hiyo?

Dozi Sahihi
Hapana, na hili litamkwe waziwazi kwa sababu mwaka 2011 huko China watu waligombania chumvi madukani. Mtu mzima anahitaji miligramu 130 za potasiamu ayodaidi, yaani kama miligramu 100 za madini joto. Tuseme chumvi ina miligramu 40 kwa kilo. Utakula kilo mbili na nusu kwa mkupuo? Chumvi itakuua kabla ya mionzi. Wala usinywe ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda.
Dozi kwa kidonge cha miligramu 65: mwenye zaidi ya miaka 12 viwili; wa miaka 3 hadi 12 kimoja; wa mwezi 1 hadi miaka 3 nusu; wa chini ya mwezi robo. Robo ikate kwa wembe, iponde, ichanganye na maziwa ya mama kwenye kijiko. Ni chungu na ina ladha ya chuma, mtoto ataitema. Mtoto mchanga, mjamzito na anayenyonyesha hawarudii dozi ya pili. Hao ndio wa kwanza kuhamishwa.
Kwa Ghala Kavu: shule nakubali kwa mchana. Usiku je?

Upepo wa Usiku
Afadhali umeuliza usiku, maana wote mnabishana kana kwamba watu wamelala ndani. Ziwani upepo hubadilika: mchana unavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Na usiku usio na mbalamwezi nani yuko ziwani? Wavuvi wa dagaa (omena kwa Wakenya, mukene kwa Waganda), mamia ya mitumbwi na taa zao, wameuelekea upepo huo huo. Simu nyingi hazishiki mtandao huko. Tena mvua za radi za ziwani hunyesha zaidi usiku, na mvua huyashusha yaliyomo angani: sehemu kadhaa zilizochafuka vibaya baada ya ajali ya kinu cha Chernobyl mwaka 1986 ni pale mvua ilipokutana na wingu. Mvuvi hana ukuta wala paa. Kidonge kiko kabatini kwake Shirati, yeye yuko kilomita 20 majini.

Mama Kichanja
Na asubuhi anarudi na dagaa, wanaanikwa juu ya nyavu mchangani. Hapo ndipo kidonge kinapokwisha kazi. Watoto wengi waliopata saratani ya tezi baada ya Chernobyl walikunywa maziwa ya ng'ombe waliokula nyasi zilizochafuka. Kwa hiyo wilaya ikipata taarifa, kabla ya kufikiria ghala, itoe amri nne ambazo hazina gharama:
Dagaa na makopa ya muhogo yaanuliwe, yaingizwe ndani, yafunikwe turubai. Bomba linalotoka kwenye mfereji wa bati kwenda kwenye tangi la maji ya mvua lichomolewe, mdomo wa tangi ufungwe kwa nailoni. Anayesahau hili anachafua maji ya miezi miwili. Ng'ombe wafungwe, wale majani makavu yaliyokuwa ghalani. Mboga za shambani zisichumwe.
Maziwa yaliyokwisha kuchafuka yasigawiwe kwa mtoto. Iodini-131 hupungua nusu kila siku 8, baada ya siku 80 imebaki kama sehemu moja kwa elfu. Sesiamu-137, sumu nyingine ya mionzi inayotoka kinuni, haifanyi hivyo, hupungua nusu kila miaka 30, kwa hiyo maabara ndiyo inayoruhusu, si kalenda.
Kuhusu kujifungia ndani, tusidanganyane. Nyumba ya matofali hupunguza mionzi ya wingu kwa kama asilimia 40, ya mbao kama 10. Nyumba yenye uwazi kati ya ukuta na paa inaingiza hewa ile ile. Zibeni kwa khanga mbichi, lakini wanaoishi hivyo wapelekwe darasani au kanisani.

Ghala Kavu
Nakubali yote, ila amri inatoka wapi? Mkataba wa 1986 wa kuarifiana ajali za nyuklia unaiambia nchi iwaarifu wenzake. Taarifa inatua mji mkuu, inashuka mkoa, wilaya, kata. Saa ngapi zimekwenda?

Upepo wa Usiku
Ndiyo maana mimi ningeanza na BMU, yaani kamati za kusimamia mialo ya uvuvi. Kenya na Tanzania zipo (Uganda zilisimamishwa mwaka 2015, huko watumike viongozi wa mwalo waliopo), na viongozi wake tayari wanapigiana simu wavuvi wakipotea au nyavu zikiibiwa. Wapewe namba moja ya kupokea taarifa kutoka kinuni moja kwa moja, ujumbe wa Kijaluo, Kisamia na Kiswahili uliokwisha kuandikwa, na simu ya upepo kwenye mtumbwi mmoja katika kila kundi. Mtumbwi huo ukipata taarifa, unawasha na kuzima taa mara tatu, unarudia, wa jirani anafanya vivyo hivyo. Jaribio lifanywe usiku wa giza, kwa saa mkononi, toka simu ya kwanza hadi mtumbwi wa mwisho kugeuza.

Dozi Sahihi
Na vidonge viwili kwenye kichupa cha kufunga kwa kila mvuvi, chini ya ubao wa mbele. Huyo hawezi kungoja ghala lako.

Ghala Kavu
Mvuvi nampa. Bibi mwenye goita simpi.