Wanafunzi wananirudishia hoja za madesa (zile notsi fupi za kukariri), nifanyeje?

Mwalimu_Kiswahili: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kidato cha Nne, shule ya kata. Nimesahihisha insha za tamthiliya ya *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*, ile ya karani wa sensa anayempenda binti wa kijijini, Mazoea. Niliuliza kama Ngoswe peke yake ndiye wa kulaumiwa. Karibu darasa zima: "Mwandishi ameonyesha kuwa mapenzi husababisha uzembe. Mfano, Ngoswe alimpenda Mazoea akasahau kazi." Basi, hapo wameishia. Hata makosa ya tahajia ni yaleyale ya kwenye madesa. Na hawa watoto wana akili, nje wanabishana mpira mpaka kengele inalia! Wakishika kalamu wanapotelea wapi?

BiMwalimu: Pole mwalimu mwenzangu. Jina la tamthiliya limeshatoa hukumu, nao wanaitika tu. Mimi huwa naanzia pale Mzee Mitomingi, baba yake Mazoea, anapochoma karatasi za sensa. Nauliza: nani kaharibu kazi ya serikali, aliyependa au aliyewasha moto? Na aliyemtuma kijana peke yake kuhesabu watu wasiotaka kuhesabiwa, yeye hana lawama? Hapo darasa linachemka. Binti mmoja mkimya alisema mzee alikuwa na hasira ya mwanawe, na zile karatasi ndizo kitu cha Ngoswe alichoweza kukifikia. Sikumsifu kwanza. Nilimwambia, "Nionyeshe kitabuni." Akasoma upya onyesho zima, akarudi na mistari miwili, mmoja unamuunga mkono na mwingine unampinga. Insha yake ilianzia kwenye huo unaompinga.

Chaki_Nyeupe: Mkuu, yote mazuri, ila mtihani unataka hoja tatu kila kitabu na muda ni mfupi. Mtoto akianza kujipinga atamaliza saa ngapi?

BiMwalimu: Kaka, hoja zibaki tatu. Anachoongeza ni sentensi moja kwa kila hoja: kwa nini mwingine angekataa, na kitabu kinamjibu nini. Aliyekariri akipewa swali lililogeuzwa kidogo anakwama, nimewaona wengi na inaniuma.

Mwalimu_Kiswahili: Asante sana dada. Jumatatu naanza na hizo karatasi. Niwape ukurasa au watafute?

BiMwalimu: Watafute wenyewe. Vitabu wazi, madesa yakae kwenye begi. Wakigombana kuhusu mstari, waache kwanza wagombane.