Ukoo wa Mzee Kombo: matibabu ya Mjomba

Shangazi Mwajuma: Assalaam alaykum wanangu. Hamisi, madaktari wamesemaje juu ya kaka yangu?

Hamisi: Waalaykum salaam, shikamoo shangazi. Majibu ya kinyama alichokatwa kupimwa yametoka. Ni saratani ya ulimi, imeshafika kwenye tezi za shingoni upande mmoja. Mapafu ni masafi. Wanasema upasuaji unawezekana, Jumatano tunakaa nao kupanga tarehe.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Ya Rabbi, msimamie.

Fahad (Muscat): Poleni sana. Nimesoma kuna dripu ya kuamsha kinga ya mwili, inatolewa kabla ya kisu. Tusimamishe upasuaji tuitafute kwanza. Hata India nampeleka.

Salma: Kaka Fahad, nakuomba tusisimamishe. Dawa yenyewe ni pembrolizumabu, nayo haikuja kuchukua nafasi ya kisu. Utafiti wa KEYNOTE-689 ulikuwa na wagonjwa 714, wengi saratani yao ya kinywani kama Mjomba. Kundi moja lilipata dripu 2 kabla ya upasuaji na 15 baadaye, pamoja na mionzi, na wenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi wakaongezewa kemo ya sisplatini. Kundi la pili lilipata upasuaji na mionzi, na kemo kwa wenye hatari kubwa, bila dripu hiyo. Baada ya miaka 3, walio hai bila ugonjwa kurudi wala kusonga mbele walikuwa asilimia 57.6 kwa 46.4. Marekani ikaiidhinisha Juni 2025.

Juma: Kwa nini ianze kabla? Si bora uvimbe utoke kwanza?

Salma: Seli za kinga zina breki, PD-1. Saratani huikanyaga hiyo breki ili isishambuliwe, dawa inaiachia. Uvimbe ukiwa bado upo, kinga ina kitu cha kukitambua, na seli zilizokwisha kuujua zinabaki mwilini hata baada ya upasuaji. Ndiyo fikra yake. Na katika utafiti ule dripu hizo 2 hazikuwazuia wagonjwa kufika kwenye upasuaji.

Fahad (Muscat): Basi si ndiyo hiyo tuitake?

Salma: Tuiulize, kaka, ila kwa mpangilio. Kwanza kipimo cha PD-L1, yaani kile kinachoikanyaga breki ile, kwenye kinyama kilekile kilichotolewa, maana Marekani waliidhinisha kwa wenye alama 1 na kuendelea. Halafu dozi ni 17, na kila moja ni mamilioni ya shilingi. Kuanza kisha kukatisha njiani kwa kukosa hela sikutaki kabisa. Uvimbe wa ulimi nao hausubiri mchango wetu.

Na tukitangulia na kisu, mlango haujafungwa. Wafaransa na wenzao walijaribu nivolumabu, dawa ya jamii hiyohiyo, wakaianza baada ya upasuaji pamoja na sisplatini na mionzi kwa wenye hatari kubwa. Wagonjwa 680. Bila ugonjwa kwa miaka 3: asilimia 63.1 ya waliopata nivolumabu, kwa 52.5 ya wasioipata.

Shangazi Mwajuma: Yule jirani yetu wa Chumbageni mbona yeye hakupasuliwa, alikwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road akapigwa mionzi tu?

Salma: Yake ilikuwa nyuma ya pua, mama mkubwa. Ile matibabu yake makuu ni mionzi na kemo, haimo kwenye tafiti hizi.

Hamisi: Madhara je? Baba ana presha.

Salma: Kinga ikiachiwa inaweza kugeukia tezi ya thairoidi iliyo shingoni, mapafu, ini au utumbo. Akiharisha au akikosa pumzi asikae nyumbani hata siku moja. Kwa sisplatini wampime figo na masikio kwanza. Na kabla ya mionzi lazima daktari wa meno amwone, Hamisi, hilo watu hulisahau halafu taya linaumia. Sigara aache leo.

Mjomba Kombo: Nawasoma wanangu. Salma, ulimi ukikatwa nitaweza kusema?

Salma: Shikamoo mjomba. Inategemea watakata kiasi gani. Wakati mwingine huchukua nyama ya mkononi wakajazia, na kuna mazoezi ya kusema na kumeza. Matamshi yatabadilika, sitakuficha. Muulize mpasuaji mwenyewe Jumatano, na swali hilo liwe la kwanza, kabla ya la dawa.

Mjomba Kombo: Marahaba. Utakuja nawe?

Salma: Nimeshabadilishana zamu, mjomba. Hamisi, chukua picha zote za CT na karatasi ya kinyama, siyo nakala.

Fahad (Muscat): Hela ya kipimo cha PD-L1 natuma usiku huu kwa Hamisi. Hizo nyingine tuzungumze mkishatoka kwa daktari.

Hamisi: Sawa kaka. Tunaondoka Tanga Jumanne na basi la alfajiri.