Kumbukumbu za polisi Mwanza na fujo za usiku nyuma ya nyumba ya mama

Swali kutoka Leicester

Shikamoo kaka, na salamu kwa wanajumuiya wote. Mama yetu anaishi Nyegezi na mjukuu wake mmoja, na tangu kilabu cha pombe kifunguliwe nyuma ya ukuta wake hapati usingizi. Kila Ijumaa na Jumamosi ni ngumi, matusi na chupa kupasuliwa getini, na mwezi uliopita jiwe lilitua juu ya bati. Nimempigia simu mara nne askari ambaye namba yake nilipewa na binamu, na kila mara ameahidi kwamba gari la doria litapita. Sasa nataka kuiandikia halmashauri kuhusu kibali cha kilabu hicho, na ninahitaji karatasi ya polisi inayoonyesha kwamba tumelalamika mara nne. Naiombaje nikiwa huku?

Jibu kutoka Mwanza

Marahaba mdogo wangu, na umpe mama pole zangu. Niliishi Uingereza miaka tisa kabla ya kurudi nyumbani, kwa hiyo najua mazoea uliyo nayo: huko ukipiga 101, namba ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura, taarifa yako inaingizwa kwenye mfumo na unapewa namba ya kumbukumbu, na ukitaka baadaye kujua polisi wameandika nini juu yako, unapeleka ombi bila malipo, nao kwa kawaida wanatakiwa kukujibu ndani ya mwezi mmoja. Simu ulizompigia askari kwenye namba yake mwenyewe hazikuacha alama yoyote kituoni. Inauma kulisikia, lakini hakuna afisa mwadilifu atakayethibitisha kwa barua jambo ambalo halimo kitabuni.

Kinachohitajika ni RB, yaani namba ya taarifa yenu katika kitabu cha taarifa cha kituo (Report Book). Mama mwenyewe, au mjukuu kama ni mtu mzima na aliona kwa macho yake, aende kituoni asubuhi baada ya fujo, askari wa zamu kaunta aandike taarifa, kisha ampe namba, ambayo huwa na kifupisho cha kituo, herufi RB, namba ya taarifa na mwaka. Mara nyingi huandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kiganja. Marehemu baba alipoibiwa mashine ya boti pale Kirumba, kikaratasi chake kilibaki kwenye mfuko wa shati, shati likafuliwa, na sisi tukakuta donge jeupe lenye michirizi ya wino wa bluu. Hakuna aliyeikumbuka tarehe sawasawa, na askari mmoja mvumilivu alipekua vitabu viwili asubuhi nzima ndipo akaipata. Kwa hiyo kikaratasi kipigwe picha kabla mama hajatoka kituoni, na picha hiyo utumiwe siku ile ile. RB haiuzwi. Hata fomu ya PF3, ambayo mtu aliyejeruhiwa huichukua polisi kwa ajili ya matibabu na ushahidi, hutolewa bure.

Mama asiseme tu kwamba kuna vurugu, kwa sababu neno hilo halimsaidii mpelelezi. Aseme jiwe lilianguka saa ngapi, lilitoka upande gani, nani alikuwapo, na matusi yalikuwa maneno gani, hata kama anaona haya kuyatamka. Chini ya Kanuni ya Adhabu, kumtukana mtu kwa namna inayoweza kuvunja amani ni kosa la jinai, na bila maneno yenyewe shauri hilo halisimami. Mnunulie daftari dogo, akae nalo kitandani, aandike saa na tukio usiku ule ule.

Fujo zikiwa zinaendelea, wao walio nyumbani ndio wapige 112. Wewe usiipige kutoka Leicester, maana itakuunganisha na huduma ya dharura ya Uingereza, ambayo haina gari Nyegezi. Mjulisheni pia mwenyekiti wa mtaa kwa barua yenye nakala iliyogongwa muhuri, na mkaguzi wa polisi wa kata, kwa sababu halmashauri itakapopokea malalamiko yenu, huenda ikawauliza hao kwanza. Kama tatizo ni muziki, ofisi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, ya Kanda ya Ziwa iko hapa hapa jijini, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inagusa kelele pia.

Sasa kuhusu karatasi yenyewe. Mlalamikaji ni mama, hivyo barua kwa mkuu wa kituo iandikwe kwa jina lake, itaje namba zote za RB na tarehe zake, na iombe uthibitisho kwamba taarifa hizo zilipokewa. Msiombe jalada. Shauri likifunguliwa rasmi hupewa namba ya IR, yaani ya rejista ya upelelezi, na yaliyomo ndani ya jalada la upelelezi hayatolewi ovyo, kwa sababu za msingi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu ombi, lakini haki hiyo ni ya raia, kwa hiyo wenzetu mliochukua uraia wa Uingereza msiandike kwa majina yenu. Wala msichanganye jambo hili na cheti cha tabia njema, ambacho hutolewa kwa alama za vidole na hakisemi lolote kuhusu kilabu cha jirani.

Nimesikia pia kwamba binamu amependekeza vijana wa ulinzi walipwe wawachape walevi. Sungusungu walianzia huku kwetu Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wazee wanawaheshimu kwa mengi, lakini nakusihi usitume hata senti moja kwa kazi hiyo. Kijana mmoja akivunjwa mkono, atakayefunguliwa shauri ni mama.

Kutoka Leicester tena

Asante sana kaka. Mama alikwenda jana akiwa na jirani yake, na picha ya kikaratasi nimeipata, ila tarakimu ya mwisho ya namba haisomeki kama ni 1 au 7. Nimemwomba mjukuu arudi kaunta kesho asubuhi kuihakiki.