Kwaya ya watoto na mchezo wa Kikorea: tuimbe Kikorea au tutafsiri?

MamaKwaya_Nyakato

Wakuu, salaam. Nafundisha kwaya ya watoto hapa Nyakato, wapo 34, mdogo kabisa ana miaka saba. Mwaka jana tulikuwa na dada wa kujitolea, Mkorea aliyekulia Los Angeles. Wazazi walimhamisha kutoka Seoul akiwa darasa la pili, Kiingereza hana hata cha kuombea maji. Alichokuwa nacho ni vijiwe vitano mfukoni. Wakati wa mapumziko akakaa chini uwanjani, akawa anarusha na kudaka, wenzake wakamzunguka mmoja mmoja. Mchezo unaitwa gonggi. Siku aliponionyesha nilicheka, maana ni mdako huu huu wetu, ila wao hawachimbi shimo.

Hadithi hiyo ilinikaa. Mimi mwenyewe nililetwa Mwanza kutoka Ukerewe nikiwa na miaka tisa, Kiswahili changu nusu Kikerewe, nikifungua mdomo darasa zima linacheka. Waliacha siku nilipomfunga binti wa mwenye nyumba mdako mbele ya watu.

Basi tunatunga wimbo wa hayo. Katikati nimeweka mchezo wao mwingine. Mmoja anaegemea mti, kafumba macho, anasema "mugunghwa kkochi pieotseumnida", yaani ua la mugunghwa limechanua. Akimaliza anageuka, na anayetikisika kanaswa. Maneno yana silabi kumi kamili, ndiyo maana watoto wa Korea huyasema badala ya kuhesabu moja mpaka kumi. Sauti ya kwanza wanayasema, ya pili na ya tatu wananyata kwa nota fupi fupi, kisha kimya mapigo mawili.

Shida yangu ni kwamba wakiucheza chini ya mwembe majirani wanalalamika kwa kelele, lakini wakisimama mstarini wanaimba kama wanasoma tangazo la mtendaji wa mtaa. Halafu sijui nitafsiri au niache. Nimejaribu "ua la mugunghwa limechanua", zinatoka silabi kumi na moja, moja inaning'inia nje.

(Mzazi mmoja aliyeuona mchezo huu kwenye ile tamthilia ya 2021, Squid Game, kaniuliza kama nafundisha watoto mchezo wa kuuana. Huyo tumeshamalizana.)

Besi_Kirumba

Acha Kikorea kama kilivyo. Parokiani tumeimba Kilatini miaka yote, nani aliwahi kulalamika kuwa haelewi?

Ila kama hujapata mwanzo wa wimbo, tafuta ganggangsullae. Wanawake wa pwani ya kusini-magharibi ya Korea wanashikana mikono duara usiku wa mbalamwezi, mmoja anatoa, wengine wanaitikia, wanaanza taratibu wanaishia mbio. UNESCO waliiorodhesha 2009. Huku kanda ya ziwa kutoa na kuitikia hatufundishwi na mtu, watoto wako watashika siku moja.

Mwl_Sengerema

Shikamoo mama. Tatizo lako silioni kwenye lugha, naliona kwenye mstari. Umewatoa chini ya mwembe ukawapanga kwa kimo, unategemea nini?

Halafu niambie ukweli, hizo silabi kumi umeziandikia nota zenye urefu sawa? Kama ndiyo, hapo ndipo ulipouua. Utamu wa ule mchezo ni mtego: anayesema anaburuza za mwanzo mpaka wenzake wanajisahau, kisha za mwisho anazifyatua na kugeuka. Futa nota hapo. Mtoto mmoja asimame kaipa kwaya mgongo, yeye ndiye aongoze, wewe kaa pembeni. Kila mkiimba aamue mwenyewe aburuze wapi. Na wengine wasogee kweli, hatua kwa hatua.

Atakayetikisika anaacha kuimba, anakwenda kushikana mkono na yule wa mbele. Ndivyo Wakorea wanavyocheza, walionaswa wanakuwa mnyororo mpaka mmoja aje aukate, wote watimue mbio. Si kombolela hiyo? Sauti zinapungua, zinapungua, mnyororo unakatwa, wote wanaingia kwa pamoja. Hutahitaji kumwambia mtu aimbe kwa nguvu.

Tahadhari: nilifanya hivi na kombolela mwaka juzi, soprano wangu wote wakanaswa mapema, nikabaki na alto wawili na mpiga ngoma.

Na gonggi usiimalize kwenye kurusha tu. Raundi ya mwisho unarusha vijiwe vyote vitano, unavipokea kwa mgongo wa kiganja, unavirusha tena na kuvidaka. Kila kimoja ulichodaka kinahesabiwa mwaka. Wanacheza mpaka mtu afikishe miaka waliyokubaliana. Mtoto amehamishwa nchi, kakaa uwanjani anajipa miaka kwa vijiwe. Mimi ningeanzia hapo ubeti wa kwanza.

DadaNansio

Ua la kwetu limechanua.

Hesabu silabi. Mugunghwa ndilo ua la taifa la Korea Kusini, kwa hiyo mtoto akilitaja yuko Los Angeles anataja kwao. Na wewe wa Ukerewe hujakosea.

MamaKwaya_Nyakato

Nimehesabu kwa vidole mara mbili. Kumi! DadaNansio, ukivuka kuja mjini nina sato wako.

Marahaba mwalimu. Ndiyo, niliandika nota sawa zote, nimezifuta kwa aibu. Leo jioni nimemsimamisha mbele yule wa miaka saba, aliyehamia kutoka Kigoma mwezi wa tatu na tangu aje hajanena kitu mazoezini. Kaburuza "kwe" mpaka pumzi ikamwishia, wawili nyuma wakaanguka kwa kicheko, akageuka akawanasa wote wawili na kuwaita kwa majina. Sikujua kama anayajua.

Tutaimba Kikorea kwanza, kisha Kiswahili. Ila mwalimu hujamalizia: hao alto wawili uliobaki nao waliimba nini?