Naomba ushauri: dogo halali mpaka nirudi
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri hasa wenye watoto wadogo. Nina wawili, wa kike miaka 5 na huyu wa kiume miwili na nusu, tunakaa Mbagala na mimi kibarua changu kiko Kariakoo, mpaka nipambane na usafiri pale kituo cha mabasi cha Gerezani nafika saa tatu hivi usiku. Sasa dogo kagoma kulala bila mimi, namkuta kakaa mlangoni kashika ndala yangu moja, macho mekundu, akiniona tu usingizi umekata anataka nimbebe mgongoni tuzunguke sebule. Dada yake naye anaamka anadai zamu yake, saa tano ndo wanazima, na gari la shule linapita saa kumi na mbili kasoro asubuhi! Mama yao anasema mimi ndo nawadekeza, labda kweli, ila jamani ukitoa jumapili huo ndo muda pekee nawaona. Juzi nilinyata moja kwa moja bafuni asinione, alivyostuka akalia hadi mama mwenye nyumba akaja kugonga kuuliza kulikoni. Mliopitia haya mlifanyaje, nikaze roho au niwaache tu wakeshe?